Batobato, michirizi na inzi mweupe wa Kagera

Bukoba na Muleba, heshima ya shamba iko kwenye kibanja chenye migomba na mibuni. Muhogo hukumbukwa zaidi ndizi zinapopungua, na pengine ndiyo maana mkasa wake hausimuliwi sana.

Mwaka 1998 batobato kali, ugonjwa wa mihogo, ilithibitishwa Kagera. Ilitoka Uganda, ambako ilianza kuteketeza mashamba mwishoni mwa miaka ya 1980 na kusogea kusini kilomita 20 hadi 30 kila mwaka. Chanzo, kama ilivyogunduliwa mwaka 1997, ni kirusi chotara, kilichozaliwa virusi viwili vya batobato vilipobadilishana vinasaba. Mbebaji ni inzi mweupe, anayejibanza chini ya majani machanga akifyonza utomvu. Akishakinywa kirusi hicho hukaa nacho siku kadhaa, hata upepo ukimpeleka shamba la mbali anafika nacho.

Wokovu ulitoka kwenye mbegu. Ukoo wa mihogo mingi yenye ukinzani unaanzia Amani, Usambara, ambako tangu miaka ya 1930 mtafiti H. H. Storey na wenzake waliuchavusha muhogo na mti wa mpira wa Ceará, ndugu yake. Uzao huo ukapelekwa Nigeria, ukaboreshwa Ibadan, vizazi vyake vikarudi kwetu.

Ila ukinzani huo ulikikabili kirusi, haukumgusa inzi. Jani lisilojikunja ni malisho mazuri, na kwenye baadhi ya aina hizo inzi walijaa kuliko ilivyowahi kuonekana. Mimi naona hapa ndipo mkasa wa pili ulipotungwa.

Storey huyohuyo, mwaka 1936, alikuwa ameeleza ugonjwa mwingine: michirizi ya kahawia. Kwa miongo mingi ulihesabiwa kuwa wa pwani, usiosumbua mashamba yaliyo juu ya mita 1,000. Maji yenyewe ya Ziwa Victoria yako juu ya mita 1,100, kwa hiyo mkulima wa Muleba hakuwa na sababu ya kuuogopa. Mwaka 2004 ukaonekana Uganda ya kati, kisha ukaenea kandokando ya ziwa, Kagera ikiwemo.

Mbebaji ni inzi yuleyule, lakini kirusi hiki hakidumu naye zaidi ya siku moja au mbili, hivyo huambukiza mashina ya karibu tu. Masafa marefu huvushwa na binadamu, kwa pingili anazopeana na ndugu na majirani. Batobato hujitangaza kwenye jani, mkulima akaliacha shina hilo. Michirizi yaweza kuliacha shina likionekana zima. Mihogo ikikatwa ndipo madoa makavu ya kahawia yanapotokea ndani, na pingili za shina lile zimeshagawiwa.