Umeme ukikatika, chomoa mashine ya kufulia

Msikilizaji, mashine nyingi za zamani za kufulia ziliongozwa na kitasa cha kuzungusha. Ndani yake mota ndogo ilisukuma swichi moja baada ya nyingine, kama saa. Za kisasa huongozwa na bodi ya kielektroniki: inapima maji, inakagua mlango, kisha inaamuru mota na pampu.

Bodi hiyo hufanya kazi kwa volti chache tu, ilhali umeme wa nyumbani ni takriban volti 230. Umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika, bodi inaweza kuungua huku mota ikiwa nzima.

Kwa hiyo ukikatika, chomoa plagi. Kuzima kwa kitufe hakutoshi. Ukirudi, subiri utulie ndipo uchomeke.

Mashine ikigoma, usikimbilie kununua bodi, maana ni ghali. Hakikisha kwanza mlango umefungwa vizuri, maji yanaingia na chujio la pampu halijaziba. Herufi na namba zinazotokea kwenye kioo ziandike, umsomee fundi. Naye mwambie aipime bodi kabla ya kuibadilisha.