Gari la Nyuma

Mpwa wangu anayefanya kazi Muscat alinialika Oman mwezi wa Januari 2019, na katika siku za mwisho za ziara yangu akanichukua kwenda kuona mchanga. Sisi wa pwani tunapotaja mchanga huwaza ufuo, ngalawa na kaa. Huu ulikuwa mchanga wa Sharqiya, ambao wazee wa huko bado wanauita mchanga wa Wahiba: kilometa za mraba zipatazo 12,500, matuta yake yamelala kutoka kaskazini kwenda kusini, mengine yakiinuka hadi mita 100. Tulikuwa magari saba. Madereva watano kati ya hao saba hawakuwahi kuendesha nje ya lami.

Kiongozi wa msafara, Momani wa makamo ambaye babake alizaliwa Unguja, alitukusanya karibu na kituo cha petroli pale Bidiyah kabla hatujagusa mchanga. Aliniamkia, "Shikamoo, maalim," kisha akawageukia vijana na kuwasomesha kwa muda wa nusu saa, nami nikajikuta nimekaa kwenye jerikeni kama mwanafunzi. Kila dereva apunguze upepo wa tairi kutoka ratili 35 hadi 15 hivi. Maji yasipungue lita tano kwa mtu mmoja kwa siku, na ya ziada yawepo. Mabeleshi, kamba ya kuvutia na mbao za kuweka chini ya magurudumu viwe mahali pa kufikika, visifunikwe na masufuria ya pilau. Tuta hupandwa wima na kuteremkwa wima. Anayegeuza gari ubavu kwenye mteremko atabiringika. Anayetaka kusimama aache gari lisimame lenyewe, lielekee chini, asikanyage breki, maana breki hujenga kichuguu cha mchanga mbele ya magurudumu. Kila dereva amtazame aliye nyuma yake kwenye kioo, asipomwona, asimame. Mwisho akasema, gari likikwama au likifa, hakuna mtu kuliacha.

Vijana walimsikiliza kwa adabu, ingawa mmoja alikuwa akipiga picha za matairi. Mimi nimesomesha historia karibu maisha yangu yote, kwanza katika shule na baadaye katika chuo cha ualimu ambacho nilikuja kuwa mkuu wake, na nilichokuwa nikisikia pale ni historia. Karibu kila sharti alilolitamka lina mwaka wake.

Yalianza na vita. Mwaka 1916 Waingereza walipokuwa wakipigana na Wasanusi katika jangwa la magharibi ya Misri, waliunda doria za magari madogo, Ford za Model T, gari jepesi ambalo watu wanne wangeweza kulisukuma likakwamuka. Watu wa doria zile ndio waliokuta kwamba dira ya kawaida haifai ndani ya gari, kwa sababu chuma cha injini kinaivuta sindano, wakaanza kutumia kivuli cha jua kujua wanakoelekea. Vita vilipokwisha maarifa hayo yalikaribia kusahaulika, kama yanavyosahaulika mengi ya askari.

Aliyeyafufua na kuyakamilisha ni Ralph Bagnold, afisa wa jeshi la Uingereza aliyezaliwa mwaka 1896 na kupelekwa Misri mwaka 1926. Wenzake walikuwa wakitumia likizo zao kucheza polo. Yeye na marafiki wachache walichanga fedha zao wenyewe, wakanunua magari ya Ford ya kawaida, wakaenda kujaribu mahali ambapo wenyeji na wageni walikubaliana kwamba gari haliendi. Mwaka 1929 na 1930 waliingia katika Bahari Kuu ya Mchanga iliyoko kati ya Misri na Libya. Mwaka 1932 walizunguka mbali zaidi, hata mipaka ya Sudan na Chad.

Napenda kukaa kidogo kwenye vifaa vyake, kwa sababu ni somo zuri la sayansi kwa mtoto wa darasa la saba. Tairi lililojaa upepo hugusa ardhi kwa sehemu ndogo kama kiganja. Likipunguzwa upepo hutandaa, na uzito uleule hugawanyika juu ya eneo kubwa zaidi. Ngamia ameumbwa hivyo: kanyagio lake ni laini na pana. Maji ya rejeta nayo yalikuwa yakichemka na kupotea hewani, tena katika nchi ambayo kila kikombe ni uhai. Bagnold alifunga mpira kutoka mdomo wa rejeta hadi kwenye debe lililokuwa na maji nusu. Mvuke ulipotoka uliingia debeni ukageuka maji. Injini ilipopoa, rejeta ikayafyonza tena yale maji kupitia mpira uleule. Mabati mazito ya kuweka chini ya magurudumu aliyapata katika duka la vyuma chakavu mjini Cairo, yalikuwa yameezekea mahandaki ya vita vya kwanza. Na dira yake ya jua ilikuwa sahani ya mviringo yenye nyuzi 360 na sindano wima katikati. Dereva alishika mwendo wake kwa kivuli, na usiku mwenziwe akapima nyota kuhakikisha wamefika wapi. Mabaharia wetu wa majahazi wangemwelewa mara moja.

Msomaji wa Mombasa asidhani mambo haya ni ya mbali kabisa. Mwaka huohuo wa 1929, Mhangaria László Almásy, ambaye baadaye alikuwa hodari wa jangwa lile kama Bagnold na katika vita vya pili alikuwa upande wa Wajerumani, aliongoza safari ya magari ya Steyr kutoka Mombasa yetu hadi Misri. Na Bagnold mwenyewe alikuwa aje Kenya. Vita vilipoanza mwaka 1939 aliitwa tena jeshini akapangiwa huku. Meli iliyomchukua ikagongana na nyingine katika Bahari ya Kati mwezi wa Oktoba, ikaingia Port Said kutengenezwa, naye akapanda treni kwenda Cairo kuwasalimu rafiki zake. Jenerali Wavell akapata habari kwamba yuko mjini, akambakiza. Mwezi wa Julai 1940, baada ya Italia kuingia vitani, Bagnold alipewa wiki sita aunde kikosi cha masafa marefu cha jangwani, na wengi wa watu wake wa kwanza walikuwa wakulima wa New Zealand ambao hawakuwahi kuona jangwa. Walikuwa wanagenzi, kama vijana wale wa Bidiyah. Kwa wiki chache aliwafundisha yaleyale: upepo wa tairi, debe la rejeta, mabati, kivuli, na kuhesabiana.

Sasa nafika kwenye kisa ambacho nilikuwa nikikisimulia darasani kila mwaka, kwa sauti na kwa mikono, hata chaki ikiniponyoka.

Tarehe 31 Januari 1941, doria moja ya kikosi hicho ilishambuliwa na Waitaliano, kwa magari na kwa ndege, mahali panapoitwa Gebel Sherif, kusini ya Kufra. Magari kadhaa yaliteketea, yaliyosalia yakajiondoa, na watu wanne wakabaki wamejificha kwenye majabali: Moore wa New Zealand, aliyejeruhiwa mguu, na Waingereza watatu, Easton, Winchester na Tighe. Walikuwa na debe moja la maji lisilotimia galoni mbili, nalo lilitobolewa na risasi wakaliziba. Chakula hawakuwa nacho. Badala ya kujisalimisha walifuata alama za magurudumu kuelekea kusini. Tighe alichoka akaachwa nyuma na sehemu yake ya maji. Baadaye Easton, kisha Winchester. Siku ya kumi Wafaransa walimkuta Moore akiwa bado anatembea peke yake, kilometa zipatazo 340 kutoka alipoanzia. Wote wanne walipatikana, ila Easton alifariki.

Unaona jinsi kisa kama hicho kinavyowasha macho ya vijana wa chuo. Nilikisimulia kama habari ya ushujaa, nami nilikuwa kijana, na sikuwa nimewahi kuikosa hata bilauri ya maji.

Mwezi wa Agosti 1979 tulichukua wanachuo 14 kwenda kaskazini mwa Kenya kusoma jiografia. Tulikuwa na Land Rover moja na lori moja. Kutoka Marsabit tuliteremka hadi Maikona, tukaingia Chalbi, ambalo ni ziwa lililokauka, jeupe kwa magadi na tambarare kama meza, tukielekea Kalacha na North Horr. Mimi nilikuwa katika Land Rover, mbele. Vumbi lilikuwa jingi. Dereva aliniuliza mara moja kama lori linaonekana, nikamjibu bila kugeuka kwamba lazima liko. Nilikuwa nikiwaonyesha wanachuo watatu waliokaa nyuma yangu mazigazi, yale maji ya uongo yanayoelea juu ya ardhi ya joto.

Lori halikuwepo. Uso wa Chalbi hudanganya: juu ni ganda kavu, na mahali pengine chini yake ni tope la miezi mingi. Lori lilipenya ganda, likazama hadi ekseli. Sisi tulifika North Horr saa kumi na mbili jioni, tukangoja, giza likaingia, na dereva akakataa kurudi usiku. Alikuwa na haki. Hatukuwa tumeagana mahali pa kungojana, wala hatukuwa tumemwambia mtu yeyote Marsabit tutafika lini. Maji karibu yote yalikuwa katika lori. Hilo lilitokea kwa bahati, kwani mapipa hayakutosha kwetu.

Asubuhi tuliwakuta wamekaa kivulini chini ya lori, wamechoka lakini salama. Nikawahesabu. Walikuwa kumi. Nikawahesabu tena kwa majina, kwa rejista, kana kwamba rejista ingemleta yule wa kumi na moja.

Alikuwa ameondoka usiku, baada ya utingo kusinzia, na chupa moja ya soda aliyoijaza maji. Alimwambia mwenzake kwamba anafuata alama za Land Rover aje kutuita. Lakini Chalbi si barabara. Kila gari hupita linapotaka, na ganda lile huhifadhi alama za miezi iliyopita pamoja na za jana. Alifuata za mtu mwingine. Tulizunguka hadi alasiri. Wagabra waliokuwa wakipeleka ngamia kwenye maji ya Kalacha walikuwa wameshamwokota, wamemlaza kivulini na kumnywesha kidogo kidogo, kwa ujuzi ambao sisi wenye vyeti hatukuwa nao. Ulimi wake ulikuwa umevimba. Alilazwa hospitali siku tisa, na muhula huo hakuumaliza.

Nilipokwenda kumtazama aliniomba radhi kwanza. Kisha akasema, kwa tabasamu la mgonjwa, "Mwalimu, nilikuwa nikimfikiria yule Moore."

Sikuwa na la kumjibu. Moore aliliacha gari kwa kuwa gari lake lilikuwa limeungua na adui yuko juu ya jabali, tena mchana aliziona alama anazozifuata. Mwanachuo wangu alikuwa na lori zima lenye kivuli, maji ya siku tatu na watu kumi. Tofauti hiyo sikuwahi kuitaja darasani, maana ingepunguza utamu wa hadithi. Uchunguzi wa ofisi ulimlaumu dereva wa lori kwa kutofuata alama zetu. Nilisaini ile ripoti. Dereva huyo amekwisha fariki, Mungu amrehemu, na sikupata kumwambia haya ninayoyaandika.

Basi pale Bidiyah kiongozi alipouliza kama kuna swali, niliinua mkono. Vijana wakacheka, mzee ana swali. Nikauliza ni nani atakayeendesha gari la nyuma.

"Mimi mwenyewe, maalim," akasema. "Mbele nimemweka mwanangu, njia anaijua. Mjuzi zaidi hukaa nyuma."

Nikamwomba mpwa wangu ruhusa, nikahama na kikoba changu. "Mjomba, kule nyuma utakula vumbi tu," akasema, na kweli nililila. Mara tatu tulisimama kumkwamua mtu. Mara ya pili ilikuwa yule kijana wa picha, aliyekanyaga breki kwenye mchanga laini, akafukia magurudumu ya mbele kama alivyoambiwa yatafukika. Alichimba kimya. Kila tulipofika juu ya tuta, kiongozi alipunguza mwendo kabla ya kuteremka, akatazama mbele, midomo ikicheza. Nilidhani anasoma dua. Tuta la nne hivi ndipo nikamsikia, nami nikaanza kuhesabu pamoja naye, kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita.