Kamba Kutoka Kisii Hadi Malindi

Nilifundisha historia hapa Kakamega kwa miaka ishirini na minne, na kila mwaka kulikuwa na wiki moja ngumu katika Kidato cha Tatu. Ni wiki ya kusoma jinsi jamii za Kenya zilivyoupokea ukoloni. Mtalaa uliwaweka Wawanga upande wa walioshirikiana na Waingereza, na Wagiriama wa pwani upande wa waliopinga. Wasichana wangu wengi walitoka Mumias, Matungu na Butere. Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, wanamhesabu kuwa babu yao. Hata mimi, mama yangu ni Muwanga, na kukhu, bibi yangu aliyenilea, alikuwa akitaja Elureko, makao ya Mumia, kama mtu anavyotaja nyumbani kwao.

Sikumtukana Mumia mbele ya wajukuu zake, na leo pia simtukani. Alitawala tangu miaka ya 1880, misafara ya Waswahili ikipumzika kwake, kisha Wazungu wakaja nyuma yao: Joseph Thomson mwaka 1883, na wengine baadaye. Mwaka 1895 wapiganaji wake waliandamana na majeshi ya Waingereza kwenda kuwapiga Wabukusu kule Lumboka na Chetambe. Mwaka 1909 akatangazwa mkuu wa machifu wote, na nduguze wakapewa kutawala watu ambao hawakuwahi kuwa chini ya Wanga. Jambo hilo lilileta uchungu ambao nimewahi kuusikia hata kwenye mazishi. Na ile heshima ya Mumias haikudumu: mwaka 1920 makao ya wilaya yalihamishwa yakaletwa hapa Kakamega.

Baada ya hapo ndipo nilipomleta Mekatilili.

Wasichana walipenda kumwita malkia. Niliwakatalia. Wagiriama hawakuwa na mfalme wala malkia. Mambo yao yaliamuliwa na wazee wa kaya, ngome zao takatifu za msituni. Huyu alikuwa mjane, jina lake la kuzaliwa Mnyazi wa Menza. Mekatilili maana yake ni mama yake Katilili. Hapo darasa lilichangamka, kwa sababu hata kwetu mwanamke akishajifungua jina lake la usichana hupotea, akaitwa kwa mtoto wake. Kwa hiyo Waingereza walisumbuliwa na mtu ambaye hata jina lake lilikuwa la umama tu. Mumia alikuwa na kiti, na mama huyu hakuwa nacho. Nilitaka waanzie hapo.

Mwaka 1913 serikali ilitaka mambo matatu kwa Wagiriama: kodi ya nyumba, vijana wa kufanya kazi kwenye mashamba ya wazungu, na ardhi nzuri ya kaskazini ya mto Sabaki. Mekatilili alizunguka kijiji kwa kijiji akicheza kifudu, ngoma ya msiba. Ili wasichana waelewe niliwaambia wafikirie isukuti ya Isukha na Idakho: ngoma ikilia, nani hubaki jikoni? Watu walikuja kucheza, wakasikia maneno. Kisha wakala viapo huko Kaya Fungo, wanawake kiapo chao cha mukushekushe na wanaume kiapo cha fisi, kwamba hakuna atakayemtii Mzungu. Wazee wa Giriama husimulia kwamba katika baraza moja alimletea ofisa Arthur Champion kuku mwenye vifaranga, akamwambia achukue kifaranga kimoja aone. Kuku akamdonoa. Ndivyo tutakavyokufanya ukiwagusa vijana wetu, akamwambia.

Tarehe 17 Oktoba 1913 walimkamata, yeye na mzee Wanje wa Mwadorikola, wakawapeleka kifungoni Kisii.

Kisii! Kutoka hapa unapanda matatu asubuhi, unapitia Kisumu, na mchana unakula ndizi huko. Wasichana walishangaa kwamba mama wa pwani aliletwa huku kwetu. Tena aliletwa kwenye nchi yenye jeraha bichi. Mwaka 1908 kijana Otenyo alikuwa amemchoma mkuki ofisa Northcote, akihimizwa na nabii mwanamke, Moraa wa Ng'iti. Vita vilivyofuata viliwaua Wagusii wengi na mifugo yao ikachukuliwa. Nadhani serikali iliamini kwamba umbali, pamoja na woga wa watu waliokwisha kupigwa, ungetosha kumnyamazisha mwanamke mzee.

Januari 1914 alitoroka na Wanje, wakarudi kwao kwa miguu.

Hapo nilitoa kamba. Msichana mmoja alishika ncha pale Kisii kwenye ramani ya ukutani, mwingine akaivuta hadi Malindi. Mstari ulionyooka unazidi kilomita 600, na hakuna anayetembea kwa mstari ulionyooka. Waliinamia ramani wakitaja wanachokiona chini ya kamba: Bonde la Ufa, nchi ya Wamaasai, nyika za Ukambani, Tsavo. Mwaka mmoja msichana wa Matungu, mkimya sana, aliuliza: "Mwalimu, nani alikuwa akiwapa maji?" Nimelifikiria swali hilo kuliko lolote nililowahi kuulizwa. Wazee wawili wageni hawavuki nchi nzima bila mama fulani kuwafungulia mlango, kuwapa uji, na kunyamaza askari wakipita. Sehemu hiyo ya upinzani haina jina la jamii katika mtalaa.

Alifika, akaendelea na kazi yake. Agosti 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti, vita vikazuka, na yeye akakamatwa tena. Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000. Lakini mwaka 1919 aliachiliwa akarudi kwao, na watu wake wakaanza kurejea ng'ambo ya Sabaki. Alifariki mwaka 1924, akazikwa katika msitu wa Dakatcha.

Kamba ile tuliiacha ikining'inia hadi muhula uishe, kila mwaka. Nilipostaafu, ramani ilikuwa imetoboka kabisa pale Kisii, kwa pini.