Sindano na Uzi Katika Masomo ya Misioni



Katika kitabu hiki cha jubile wengine wamekwisha kuandika habari za mapadri waliotutangulia, za kanisa la kwanza la nyasi na la pili la matofali, na za waalimu wa dini waliotembea kwa miguu toka kitongoji hata kitongoji. Sisi tumeombwa kuandika habari za chombo kidogo sana, ni kusema sindano. Labda wengine watacheka. Lakini tukitazama picha za kale za misioni za upande huu wa ziwa Tanganyika, tunaona mara nyingi wasichana wameketi safu safu chini ya baraza, kila mmoja na kitambaa magotini pake. Jambo lililoshika nafasi kubwa namna hiyo katika maisha ya nyanya zetu haliwezi kuwa dogo. Basi tuseme ukweli wake wote, mema yake na upungufu wake.

Nguo kabla ya masomo

Wazee wetu hawakungoja misioni ili wajue kujivika. Waliponda magome ya miti fulani mpaka yakawa laini kama kitambaa. Huko Kasai, kwa Wakuba, nyuzi za mtende wa rafia zilifumwa na wanaume, na wanawake wakazitarizi kwa mapambo ambayo hata leo watu wa Ulaya huyaweka katika nyumba zao za makumbusho. Ng'ambo ya ziwa letu, Wafipa walilima pamba yao na kuifuma wenyewe.

Baadaye misafara ya watu wa pwani ilileta kitambaa cheupe cha pamba kilichoitwa merikani, kwa sababu kilitoka katika viwanda vya Marekani kupitia Unguja. Kitambaa hicho kilikuwa nguo, tena kilikuwa feza. Yadi 2, ndizo mikono 4, ziliitwa upande; yadi 4, ndizo mikono 8, ziliitwa doti. Kwa doti watu walilipa wapagazi, walinunua chakula, na katika miaka ile ya giza walinunua hata binadamu. Tusisahau jambo hilo: wengi wa watoto wa kwanza wa misioni zetu walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, na bei ya wokovu wao ilihesabiwa mara nyingi kwa nguo.

Masista na sindano

Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala mwaka 1885, na mwaka 1893 walianzisha Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo. Kabla ya karne ile ya 19 kwisha, Masista Weupe walikuwa wamekwisha kufika huko. Shirika lao lilianzishwa na Kardinali Lavigerie mwaka 1869, mwaka mmoja nyuma ya lile la Mapadri. Wakawakuta wasichana yatima wasio na ukoo wala nyumba. Wakawafundisha sala, kusoma, kulima, kupika, tena kushona.

Kwa nini kushona? Wengine husema kwamba ilikuwa desturi iliyobuniwa kwa ajili ya Waafrika tu. Si kweli. Masista walileta yale waliyofundishwa wao wenyewe walipokuwa watoto. Huko Ufaransa, sheria ya masomo ya tarehe 28 Machi 1882 ilitaja waziwazi kwamba wavulana watafanya mazoezi ya kiaskari, na wasichana watafanya kazi za sindano. Basi binti wa mkulima wa Ulaya na binti wa mvuvi wa Tanganyika walipewa chombo kimoja, na kwa wazo moja: kwamba mahali pa mwanamke ni nyumbani.

Tena kulikuwa na sababu ya Serikali. Mapatano ya tarehe 26 Mei 1906, kati ya Baba Mtakatifu na Serikali ya Kongo ya wakati ule, yalidai kwamba masomo ya misioni yafundishe pia ukulima na kazi za mikono. Wavulana walipewa useremala na uwashi; wasichana walipewa sindano.

Namna walivyofundishwa

Tumewasikiliza wazee wetu wa kike wakieleza mafundisho hayo, nao husema kwamba yalikuwa na utaratibu kama katekisimu. Mtoto hakupewa nguo siku ya kwanza. Alipewa kitambaa kikuukuu, akafundishwa kwanza kunawa mikono, kisha kutia uzi katika tundu la sindano bila kuulamba mara kumi. Halafu alishona mstari ulionyoka. Mstari ukipinda, alifumua na kuanza tena. Baada ya mstari ulifuata pindo, baada ya pindo ulifuata ule mshono wa kurudi nyuma, ambao hauachii upesi, kisha kifungo na tundu lake, kisha kiraka. Kiraka kilikuwa mtihani mkubwa. Kiraka kizuri ni kile ambacho jicho hupita juu yake lisikione.

Ndipo msichana aliruhusiwa kushika makasi. Kwa maana mshono mbaya hufumuliwa, lakini kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi. Alipima kwanza kwa utepe, akachora mfano juu ya karatasi, akaongeza vidole viwili kwa ajili ya pindo, kisha akakata. Nguo ya kwanza kwa kawaida ilikuwa kanzu ndogo ya mtoto mchanga. Mashini ya kushona ilikuja mwisho kabisa, tena si kwa wote, kwa sababu mashini zilikuwa chache na wasichana walikuwa wengi.

Tukifikiri vema, tunaona kwamba chini ya baraza ile kulifichwa hesabu nyingi. Kitambaa kizima cha yadi 6 hukatwa katika vikwembe 3 vya yadi 2. Kimoja hushonwa libaya, na viwili hufungwa kiunoni. Zile yadi 2 ndizo upande ule ule wa merikani ya wazee. Msichana asiyejua nusu na robo alipoteza kitambaa, basi alizijua. Mwalimu wa hesabu angefurahi, kama angepita pale.

Upungufu tusiouficha

Sasa lazima tuseme neno gumu. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, Stefano Kaoze alipewa upadri, wa kwanza kati ya Wakongomani wa nyakati zetu. Alikuwa amejifunza Kilatini na filosofia kwa miaka mingi. Ni sifa kubwa kwa nchi yetu. Lakini katika miaka ile ile, dada zake wa umri ule ule walikuwa wakijifunza pindo na kiraka, na baada ya hapo ndoa. Hakuna aliyewauliza kama wanataka zaidi.

Hata Serikali ya Wabeljiji ilipotengeneza upya masomo mwaka 1948, wasichana walifunguliwa zaidi njia ya kazi za nyumbani na ya ualimu wa watoto wadogo. Katika miji zilianzishwa nyumba za mafundisho kwa akina mama, zilizoitwa foyer social. Ile ya Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, ilianza mwaka 1946. Humo pia sindano ilikuwa malkia. Mavuno yake yalionekana siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960: nchi ilikuwa na mafundi wa sindano wengi, lakini hakuna mwanamke hata mmoja aliyekuwa amehitimu chuo kikuu. Sophie Kanza ndiye alifungua mlango huo alipohitimu Lovanium mwaka 1964, na mwaka 1966 akawa waziri.

Tena kuna jambo la kushangaza. Wakati wasichana walipofundishwa kushona bila malipo, mashini zilizowekwa mbele ya maduka ya wachuuzi zilikuwa mikononi mwa wanaume. Fundi wa nguo aliyepokea feza alikuwa bwana. Bibi alishona nguo za nyumba yake na vitambaa vya altare. Basi masomo yalimpa msichana ufundi, lakini hayakumpa kazi.

Sindano wakati wa taabu

Hata hivyo chombo hakimtii daima aliyekitoa. Pamba, ambayo wazee wetu walilazimishwa kuilima tangu mwaka 1917, iliwaletea jasho jingi na faida haba. Kiwanda cha Filtisaf huko Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, kilifuma vitambaa. Siku hizi kimekwisha kunyamaza. Katika miaka ya 1970, Serikali ya Zaire ilipokataza suti za Ulaya, na kuwataka wanawake wavae vikwembe, kila kijiji kilihitaji mtu wa kushona abakosti na libaya. Masomo yenyewe yalitwaliwa na Serikali mwaka 1974, yakarudishwa chini ya uongozi wa makanisa kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977. Waliofundishwa chini ya baraza waliendelea kushona katika nyakati zote hizo.

Sisi tuliosoma seminari ndogo katika miaka ya 1990 tulijua kunyambulisha vitenzi vya Kilatini, lakini kifungo kikikatika tulikifunga kwa waya. Wakati wa likizo dada zetu walitucheka, kisha wakatushonea. Tulidhani kwamba sisi ndio wasomi.

Ndipo ikaja vita iliyoanza mwezi wa Agosti 1998. Mishahara ya waalimu ilikuwa kama hakuna, mashamba yaliachwa, ng'ombe walichukuliwa. Watu wengi wa kando ya ziwa walivuka kwenda Tanzania, katika kambi za Lugufu na Nyarugusu, upande wa Kigoma. Mama aliyekimbia hakuweza kubeba shamba, wala nyumba, wala cheti cha mume wake hakikununua unga. Lakini aliyebeba mashini ndogo ya mkono kichwani, au makasi na sindano ndani ya kikwembe, alianza kazi. Alitia viraka, alifupisha, aligeuza suruali moja ya baba kuwa kaptula mbili za watoto. Wengi wetu tulilipiwa masomo kwa feza ya kiraka. Hapo ndipo tulielewa ule mtihani wa zamani wa kiraka kisichoonekana: kumbe ndio uliotubeba, na sisi hatukuuona.

Yatupasayo leo

Leo vijana wengine hudharau sehemu ya kukata na kushona. Husema ni mahali pa wale walioshindwa hesabu. Tena nguo kukuu za Ulaya zinauzwa sokoni kwa bei ambayo fundi hawezi kuifikia. Wazazi hutuuliza: Kuna faida gani?

Tunajibu hivi. Kosa la zamani halikuwa sindano. Kosa lilikuwa kufanya sindano kuwa ukuta. Tusirudi kumwambia binti: Shona, kwa sababu wewe ni mwanamke. Tumwambie: Jifunze hesabu, jifunze Kifaransa, jifunze udaktari ukiweza, tena ujue kushona. Na kijana mwanaume tumwambie vivyo hivyo, ili asifunge kifungo kwa waya kama sisi. Na kazi ya fundi ilipwe haki yake, siku ile ile, hata ikiwa ni nguo za wanakwaya au za komunyo ya kwanza. Tunajua kwamba katika parokia zetu deni la namna hiyo huchelewa sana, na mama mshonaji huona haya kudai mbele ya Padri.

Siku ya jubile, ndugu wapenzi, mtakapoona altare imevikwa vizuri na watoto wamevaa nguo nyeupe zenye pindo lililonyoka, msitazame weupe wake tu. Geuzeni upindo, mtazame upande wa ndani. Hapo mtaona mishono midogo iliyokazwa mmoja baada ya mwingine, kazi ya mikono ambayo majina yake hayakuandikwa katika kitabu cha misioni. Tuwaombee waliokwisha kulala, na walio hai tuwashukuru waziwazi.