Nani Anakujua? Historia ya Barua ya Udhamini, Kutoka Kilwa Mpaka Mlimani

Nimekuwa kimya wiki tatu hivi. Siumwi, sijasafiri, na sapu sina, alhamdulillahi. Ni hizi karatasi za kuomba shahada ya uzamili ya elimu ndizo zilizonimeza. Ninyi wa mwaka wa pili mnaodhani kazi inaisha siku ya mtihani wa mwisho, poleni sana, endeleeni kuota.

Fomu yenyewe wala si ngumu. Inataka transkripti, vyeti tangu kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa, andiko fupi la utafiti, risiti ya ada ya maombi, na GPA isiyopungua 2.7, yaani daraja la pili la chini. Hayo yote ama unayo ama huna, hakuna mjadala. Kilichonikalisha kitako ni kipengele cha wadhamini wawili. Watu wawili waandike kwamba wananijua, wanaijua kazi yangu, na wanaona nafaa kusoma zaidi.

Basi nikajiuliza, nani ananijua? Na hili swali limeanza lini? Mimi ni mtu wa Kilwa, na mnatujua, mtu wa Kilwa haulizwi swali dogo akajibu bila kuanzia kwa masultani. Kwi kwi kwi! Nivumilieni, maana nimegundua kwamba kwetu kule swali hili lina umri mkubwa kuliko fomu, na jibu lake limebadilika mara nyingi.

Tuanzie 1331. Mwaka huo Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa Kisiwani akitokea Mombasa. Sultani alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, ambaye kwa ukarimu wake watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Sisi tuliosoma historia kwa ajili ya mtihani tumeishia kukariri dhahabu ya Sofala na kasri la Husuni Kubwa, basi. Lakini Ibn Battuta ameandika pia habari za masharifu waliofika kwa sultani huyo kutoka Iraki na Hijazi, na jinsi alivyokuwa akiwatengea fungu lao katika ngawira. Hebu fikirini kidogo. Leo sisi ndio tunaochangishana nauli kwenda kusoma mbali, wakati ule watu wa mbali ndio waliofunga safari kuja Kilwa. Na walipokelewaje? Kwa nasaba. Sharifu hujulikana kwa baba yake, na babu yake, na kuendelea mpaka kwa Mtume. Hiyo ndiyo ilikuwa barua yake.

Sambamba na nasaba, elimu ya dini ilikuwa na utaratibu mwingine ambao upo mpaka kesho, nao ni ijaza. Mwanafunzi anakaa na sheikh, anasoma kitabu mpaka kinaisha, sheikh akimridhia anampa idhini ya kukifundisha. Ijaza iliyokamilika hutaja mnyororo: mimi nimesoma kwa fulani, fulani amesoma kwa fulani. Kwa hiyo mdhamini wako ni mtu aliyekuona kila siku ukikosea na kurekebishwa, na akikupitisha ameliweka jina lake rehani pamoja na la mwalimu wake. Ndiyo maana hata leo kwa bibi yangu, neno "chuo" ni pale watoto wanaposoma Kurani. Nikimwambia niko chuoni, kwanza huuliza sheikh wangu ni nani. Nacheka, lakini swali lake ndilo lile lile la kwenye fomu.

Halafu wakaja Wajerumani. Shule yao ya kwanza ya serikali ilifunguliwa Tanga mwaka 1892, na baadaye miji mingine ya pwani ikapata za kwake, Kilwa na Lindi zikiwemo. Zilikuwa shule zisizo za misheni, zikifundisha kusoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na hesabu, na shabaha yake ilikuwa kuwapata makarani, walimu wa shule na maakida wa serikali. Hapo jibu likageuka. Aliyetakiwa kukujua sasa ni Boma. Na watu wa Kilwa walikuwa wameshaona Boma linafanya nini kwa asiyelipenda, kwani Novemba 1895 Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa Kivinje kwa kupigana nalo.

Matokeo ya elimu ya namna hiyo tunayajua. Akida alipelekwa bara akiwa na uwezo wa kusoma na kuandika, akasimamia kodi na mashamba ya pamba, na kwa Wamatumbi sura ya msomi ikawa sura ya mtu anayeandika majina ya watakaochapwa. Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa pamba. Tarehe 4 Agosti mwaka huo huo Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, akanyongwa Mohoro, lakini vita ilikuwa imeshashika moto na iliendelea mpaka 1907. Sisemi kwamba Majimaji ililetwa na shule, msinitafsiri vibaya. Nasema mtu aliyedhaminiwa na Boma peke yake hakuwa na mtu wa kumdhamini kijijini.

Miaka mitatu baada ya vita kuanza, yaani 1908, Lindi ikapata kizaazaa kingine. Ilisambaa barua iliyodaiwa kutoka Makka, ikiwataka Waislamu watubu kwa kuwa mwisho wa dunia umekaribia. Karatasi tu, lakini serikali ya Kijerumani iliogopa kana kwamba limekuja jeshi. Kilichowatisha ni kwamba watu wa pwani walikuwa na mtandao wao wa kuaminiana, walimu kwa wanafunzi, ambao Boma halikuuanzisha wala halikuuelewa.

Zama za Waingereza nitazipita haraka. Mpaka tunakaribia uhuru Tanganyika haikuwa na chuo kikuu, aliyefaulu sana alikwenda Makerere, Uganda. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisoma stashahada ya ualimu huko kuanzia 1943 mpaka 1945, akafundisha Tabora, kisha akaenda Edinburgh 1949 na kurudi na shahada ya M.A. mwaka 1952. Safari hiyo ya Edinburgh ilifanikiwa kwa msaada wa Padri Richard Walsh, mkuu wa shule ya St. Mary's aliyokuwa akifundisha, ambaye alimhangaikia apate ufadhili. Yaani hata Mwalimu alihitaji mtu wa kumsemea! Na aliyemsemea hakuwa profesa wake wa Makerere. Alikuwa mkuu wa shule aliyemwona akifanya kazi darasani.

Oktoba 1961 ndipo Chuo chetu kikafunguliwa, kikiwa tawi la Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi 13 tu wa sheria, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kikahamia huku Mlimani 1964, na Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Miaka minne baadaye likaja Azimio la Musoma. Wengi tunalikumbuka kwa elimu ya msingi kwa wote ifikapo 1977, ila lilikuwa na upande wa pili uliotuhusu sisi: hakuna tena kutoka kidato cha sita moja kwa moja mpaka chuo kikuu. Kwanza ukafanye kazi, halafu ulete barua ya mwajiri na ya tawi la chama kuthibitisha mwenendo wako.

Kwa wazo lake, mimi nalipenda. Anayekujua ni yule uliyefanya naye kazi, na mtaa uliokaa. Lakini tusiwe wepesi wa kusifia ya zamani. Bosi asiyekupenda angeweza kukukalia na barua yako ikaozea kwenye droo, na majungu ya tawini mnayajua. Wasichana ndio walioumia zaidi, wakaanza kupotea kwenye orodha za Chuo, mpaka serikali ikawaondoa kwenye sharti hilo miaka michache tu baadaye. Miaka ya 1980 utaratibu wenyewe ukalegezwa. Kwa hiyo barua ya mtu wa karibu nayo ina hatari yake, kwa sababu aliye karibu ana uwezo wa kukubana pia.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna kisa kimoja ndicho kilichonifanya niandike yote haya. Mwaka 1968 Idara ya Historia hapa hapa iliwatuma wanafunzi wa shahada ya kwanza vijijini kukusanya masimulizi ya Majimaji kutoka kwa wazee waliokuwa bado hai. Mwaka huo huo G.C.K. Gwassa na John Iliffe walitoa kijitabu chenye kumbukumbu za vita ile, na ndani yake wazee wa Umatumbi na majirani zao wanazungumza wenyewe. Gwassa akaendelea, na mwaka 1973 akapata shahada ya uzamivu hapa Chuoni kwa tasnifu kuhusu kuanza na kuenea kwa vita ya Majimaji. Wakati huo huo Ebrahim Hussein, aliyezaliwa 1943 kwenye pwani yetu hii ya kusini, alikuwa ameshatoa tamthilia yake ya Kinjeketile mwaka 1969, na shahada yake ya uzamivu akaichukulia Berlin Mashariki.

Tasnifu ya Gwassa nimeifikiria sana. Chuo kilisaini, wasimamizi wakapitisha, mtahini akasema ndiyo. Lakini nani aliyejua kwamba yaliyoandikwa ni kweli? Ni wazee wale, ambao hawakuwa na cheti hata kimoja. Wao ndio waliokuwa na mnyororo: mimi niliona, huyu aliniambia, naye alikuwepo Nandete. Ijaza kabisa! Bila wao kurasa zile zingekuwa ripoti za maofisa wa Kijerumani zilizonakiliwa upya.

Andiko langu la utafiti linasimama hapo. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na linafundishwa kwa Kiswahili. Mimi nataka kuangalia walimu wa shule za kata za Kilwa wanavyoifundisha Majimaji kwa wajukuu na vitukuu wa watu wale wale, na kama masimulizi ya nyumbani yanapata nafasi darasani au yanaachwa mlangoni pamoja na kandambili. Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilikuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili aliyeweza kunisimulia habari za Nandete kuliko kitabu, kisha akaandika kwenye mtihani mistari minne aliyoikariri, kwa Kiingereza cha kubabaisha, akapata nusu ya maksi. Yule mtoto anahitaji mwalimu aliyefundishwa namna ya kumsikiliza, na mimi nataka kuwa mwalimu wa kuwafundisha walimu hao.

Kwa hiyo wadhamini wangu ni hawa. Wa kwanza ni mhadhiri aliyesimamia kazi yangu ya utafiti wa mwaka wa tatu. Wa pili ni mkuu wa ile shule ya kata nilikofanyia mazoezi, mtu ambaye hana shahada ya uzamili, lakini aliingia darasani kwangu mara sita, akakaa nyuma, akaandika kila nilichokosea.

Mwenzangu wa chumbani kanishika shati. "Oya, unajiponza. Wale wanataka kuona Dokta au Profesa. Mwalimu wa Kilwa nani anamjua?" Hoja yake si ya kupuuza. Barua inapimwa kwa mwandishi wake, na kamati haiwezi kumpima mtu isiyemjua. Mhadhiri mwenye jina angenipandisha, hata kama darasani tulikuwa mia nne na yeye ananitambua kwa namba ya usajili tu. Nimelala nalo hilo siku mbili.

Ila fomu imesema wazi: mtu anayeifahamu kazi yako. Haikusema mtu anayefahamika. Nikiomba kusomea ualimu wa walimu, kisha nikaona aibu kumtaja mwalimu, hiyo elimu naiombea nini? Na kwa historia niliyowasimulia hapa, aliyekaa karibu na kazi ndiye shahidi, kwa sheikh ilikuwa hivyo, kwa Padri Walsh ilikuwa hivyo, na kwa wazee wa Umatumbi ilikuwa hivyo. Palipoharibika ni pale Boma lilipotaka kujuana na msomi peke yake, na pale barua ilipokuwa mikononi mwa mtu mmoja asiyeulizwa. Ndiyo sababu wako wawili, mmoja wa Mlimani na mmoja wa Kilwa, wasomane.

Mwalimu mkuu nimempigia jana usiku, maana mchana mtandao ulikuwa unakatika. Nilimwamkia, nikamweleza. Akakaa kimya, akaniuliza, "Mwanangu, una hakika karatasi yangu itakufaa?" Nikamwambia, shikamoo tena, Mwalimu, naomba uandike. Akasema ataandika kwa mkono kwanza, halafu atamwomba kijana wa stationeri pale Masoko aichape.

Mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa. Majibu sijui. Wenye kudua waombe, wenye kusali wasali, na wewe uliyeanza kuwaza maombi yako ya mwaka ujao, anza leo kuhesabu ni nani anakujua kwa kazi yako. Alamsiki.