Swali Ambalo Dikteta Hakuulizi

Kuna swali moja ambalo watafiti wa Afrobarometer huzunguka nalo nyumba kwa nyumba, nchi baada ya nchi. Kwa maneno yangu ni hivi: je, ungekubali jeshi lichukue serikali ikiwa viongozi mliowachagua wanatumia mamlaka kujinufaisha? Katika utafiti wa nchi 39 uliofanywa kati ya 2021 na 2023, asilimia 53 ya Waafrika walisema wangekubali. Vijana walisema hivyo kuliko wazee wao.

Tangu hapo tumehubiriwa vya kutosha. Eti Gen Z hawajui historia, eti tumelewa video za Ibrahim Traoré, nusu yake zimetengenezwa na kompyuta. Mimi naona wanaotuhubiria hawajasoma swali lenyewe. Kuna neno "ikiwa" pale katikati. Kwenye utafiti uo huo, asilimia 66 walisema wanapendelea demokrasia kuliko mfumo mwingine wowote, na karibu watu wanane kati ya kumi walikataa utawala wa mtu mmoja. Yaani msee yuleyule, kwa kikao kilekile, anasema anataka demokrasia na anasema wezi watolewe hata kwa bunduki. Hajichanganyi. Anasema alichoahidiwa hajakiona. Lakini gazeti likiandika kichwa cha habari, lile "ikiwa" linakatwa, tunabaki kuitwa watoto wanaopenda madikteta.

Na sababu za hasira tunazo. Juni 2024 tulitoka barabarani kupinga Mswada wa Fedha, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ikahesabu watu 60 na zaidi waliouawa. Wengine wakatekwa. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu kijana, alikamatwa kwao Homa Bay kwa sababu ya maneno ya mtandaoni, akaletwa Nairobi, akafia kwenye seli ya polisi. Yote hayo chini ya serikali iliyochaguliwa. Kwa hivyo mtu akiniambia "kura imetusaidia nini?" simcheki.

Shida yangu iko kwingine. Tunazungumza kana kwamba sisi ndio vijana wa kwanza Kenya kufikiria hivi, na sisi si wa kwanza.

Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, Wakenya waliwasha redio wakamsikia Leonard Mambo Mbotela, sauti ya mpira na ya "Je, Huu ni Ungwana?", akitangaza kwamba serikali ya Moi imepinduliwa. Mbotela alikuwa ametolewa nyumbani kwake na wanajeshi na kulazimishwa kusoma. Waliopindua walikuwa askari wa vyeo vya chini wa Jeshi la Wanahewa, mmoja wa viongozi wao akiwa Hezekiah Ochuka. Na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walifanya nini? Walitoka kushangilia.

Ukitaka kuwaelewa, rudi nyuma miezi miwili tu. Juni 1982 Bunge lilipitisha kifungu cha 2A kwenye Katiba, KANU ikawa ndio chama pekee kinachoruhusiwa na sheria. Jaramogi Oginga Odinga na George Anyona walikuwa wakijaribu kuanzisha chama kingine. Anyona akawekwa kizuizini. Wahadhiri nao wakachukuliwa bila kesi: Willy Mutunga, Edward Oyugi, Kamoji Wachira, na Al-Amin Mazrui, yule aliyeandika tamthilia ya Kilio cha Haki. Wewe ni mwanafunzi, mwalimu wako amepotelea kizuizini, chama cha upinzani ni haramu, halafu asubuhi moja redio inasema mwenye kufanya hayo ameondoka. Ningekuwa pale pengine ningeshangilia pia.

Ilidumu saa chache. Kufikia mchana wanajeshi watiifu kwa Moi walikuwa wamechukua tena kituo cha redio. Ochuka alitorokea Tanzania kwa ndege, baadaye akarudishwa, akanyongwa mwaka wa 1987. Jeshi zima la Wanahewa lilivunjwa. Chuo kikuu kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mzima. Mwenyekiti wa wanafunzi, Titus Adungosi, alifungwa miaka 10 na akafia gerezani mwaka wa 1988.

Utaniambia waliumia kwa sababu mapinduzi yalifeli. Sawa, hiyo ni hoja. Lakini angalia Nairobi ilivyokuwa katika zile saa chache ambazo hayakuwa yamefeli. Maduka yalivunjwa, hasa ya Wakenya wa asili ya Kihindi, na wanawake wakabakwa. Hapakuwa na mtu wa kumpigia simu wala korti ya kukimbilia, na waliokuwa barabarani wakishangilia hawakuwa wanamjua Ochuka ni nani wala anataka nini. Hakuna aliyewauliza.

Hili la kuulizwa ndilo nataka tukae nalo, kwa sababu miaka iliyofuata Moi alituuliza kwa njia yake. Njia hiyo iliitwa mlolongo.

Kama hujawahi kuelezwa mlolongo, ulikuwa hivi. Mwaka wa 1988, kuteua wagombea wa KANU, hakukuwa na karatasi wala sanduku. Ulienda uwanjani, ukapanga foleni nyuma ya mgombea wako au ya mtu aliyeshika picha yake, na afisa wa serikali akahesabu vichwa. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 hakuhitaji tena uchaguzi. Alikuwa mbunge tayari. Na kwa vile hakukuwa na karatasi, hakukuwa na kitu cha kuhesabu upya. Kuna mahali foleni ndefu ilionekana na kila mtu kwa macho, halafu ya wachache ikatangazwa mshindi. Jarida la Beyond la Baraza la Makanisa lilipoandika juu ya wizi huo lilipigwa marufuku, na mhariri wake, Bedan Mbugua, akafungwa.

Watu hukumbuka mlolongo kwa wizi. Mimi naona kitu kingine kilikuwa kibaya zaidi: chifu alikuona umesimama wapi. Mwajiri wako alikuona. Jirani anayekudai alikuona. Ukiwa mwalimu wa shule ya serikali, ungesimama nyuma ya nani? Kwa hivyo hata mahali ambapo hakuna aliyeiba, foleni haikusema watu wanataka nini. Ilisema watu wanaogopa nini. Na mwenye kusimama kwingine alijua kuna jumba la Nyayo House pale katikati ya jiji, ambako vyumba vya chini vilitumika kutesa watu, wengine wakiwekwa ndani ya maji. Ukienda kuchukua pasipoti leo unapanga foleni juu ya vyumba hivyo.

Hizo ni hadithi za kina babu, najua. Basi twende kwa mtu tuliyemshangilia sisi.

Novemba 2015 John Magufuli aliapishwa Tanzania, na kwa wiki kadhaa Wakenya hatukuwa na habari nyingine. Alifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba, akasema siku hiyo watu wafagie, na yeye mwenyewe akashika fagio. Alizuia safari za nje za maafisa na kuwafuta kazi wakubwa hadharani. Huku kwetu tukawa tunatania mtandaoni: Magufuli angefanyaje? Chini ya utani huo kulikuwa na wivu wa kweli. Sisi tulikuwa na habari za wizi wa NYS, wao wana rais anayefagia.

Tanzania kuna shirika linaitwa Twaweza, lenye mpango wa Sauti za Wananchi. Wanachagua watu kutoka kila pembe ya Tanzania Bara, wanawapa simu na chaja ya sola, halafu wanawapigia mara kwa mara kuwauliza maswali. Mwaka wa 2016 waliuliza kama watu wameridhika na kazi ya rais. Asilimia 96 walisema ndiyo. Serikali haikulalamika kuhusu sampuli. Mwaka wa 2017 ikawa 71. Julai 2018 wakatoa nyingine: 55.

Katikati hapo mikutano ya siasa ilikuwa imezuiwa, matangazo ya Bunge ya moja kwa moja yamekatwa, na Tundu Lissu amepigwa risasi mchana Dodoma na kukimbizwa Nairobi kutibiwa. Kwa hivyo namba ilikuwa inaeleza kitu ambacho watu walikiona. Lakini sasa ndio ikaonekana Twaweza wana makosa. Tume ya Sayansi na Teknolojia ikawaandikia kuuliza kibali chao kiko wapi. Pasipoti ya mkurugenzi wao, Aidan Eyakuze, ikachukuliwa na Uhamiaji. Miezi michache baadaye Sheria ya Takwimu ikabadilishwa, ikawa kosa la jinai kuchapisha takwimu zinazopinga zile rasmi. Sheria ililegezwa 2019 baada ya kelele, Benki ya Dunia ikiwemo, ila ujumbe ulikuwa umefika.

Ona njia ilivyonyooka baada ya hapo. Mwisho wa Aprili 2020 Tanzania iliacha kutangaza wagonjwa wa Korona, hesabu ikakwama kwa 509, na watu wakiendelea kuzikwa. Oktoba mwaka huo tume ikamtangaza Magufuli mshindi kwa asilimia 84. Alifariki Machi 2021, lakini mashine ikabaki na mafuta yake. Oktoba 2025 vijana wa Tanzania waliingia barabarani siku ya kura, intaneti ikazimwa, watu wakauawa, kisha mrithi wake akatangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98. Kutoka 55 ya watu waliopigiwa simu hadi 98 ya tume, na aliyewahi kuuliza swali kwa uaminifu alinyang'anywa pasipoti. Wengine wa hao waliouawa walikuwa shule ya msingi wakati sisi tunatania juu ya fagio.

Kuhusu Traoré sitasema mengi. Aliingia Septemba 2022 akiwa na miaka 34, na akisema Ufaransa iondoke namwelewa kabisa. Lakini uchaguzi ulioahidiwa wa Julai 2024 uliahirishwa kwa miaka mitano, na 2025 waandishi wa habari waliokosoa walikamatwa kisha wakaonekana kwenye video wamevalishwa nguo za jeshi. Ukiniletea namba kwamba watu wa Ouagadougou wanampenda, nitaamini wengi wanampenda. Ni kiasi gani, siwezi kujua, na wewe huwezi. Mtu anayejua jibu baya linaweza kumpeleka vitani hajibu swali lako, anajiokoa.

Na sisemi kampuni zetu za kura za maoni ni malaika. Mwaka wa 2022 kubwa zote zilimweka Raila mbele, halafu Ruto akatangazwa na asilimia 50.49. Tuna sheria tangu 2012 inayowalazimisha waseme waliuliza wangapi, swali gani, na nani alilipa, na inakataza kuchapisha siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi. Soma hayo maandishi madogo, bana. Kama hawajasema nani alilipa, pita. Lakini hata hizo kampuni tunazozitukana zinatoa namba zinazoiaibisha Ikulu kila baada ya miezi michache, na kesho yake wafanyakazi wake wanaamka na kwenda kazini. Hilo halikuwezekana hapa 1988, na halikuwezekana Dar 2018.

Kwa hivyo mtafiti akibisha kwako na lile swali la jeshi, mjibu unavyohisi, ni haki yako. Akifika kwangu nitamwambia hapana, halafu nitamwomba aongeze swali moja kwenye fomu yake: je, unadhani mwaka mmoja baada ya jeshi kuingia, mimi nitaweza kurudi hapa kukuuliza tena?