Wanda kwa Shubiri: Samani za Vijiti na Suala la Skeli

Kwa miaka mingi, kila aliyeingia kisiwani Mombasa kwa njia ya Makupa aliijua Kibarani kwa harufu ya jaa la taka. Jaa limefungwa, miti imepandwa, na tangu daraja jipya lifunguliwe mwaka 2022 maji ya bahari yanapita tena chini ya barabara. Yakipwa huacha vijiti vya mikoko vilivyosuguliwa na chumvi, vifuu, makumbi na chukuti za makuti. Kwa fundi wa samani ndogo za mapambo, zile zisizorandwa wala kupakwa vanishi, hiyo ni bohari ya mbao.

Fundi wa kazi hii hukutana mapema na neno skeli. Mwanafunzi wa jiografia analijua kutoka kwenye ramani: uwiano kati ya kilichochorwa na kilichopo. Katika samani ndogo maana ni hiyo hiyo, na uwiano uliozoeleka duniani ni 1:12, inchi moja kwa kila futi. Ndio uliotumika katika nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary, iliyojengwa kati ya 1921 na 1924 na sasa imo katika kasri la Windsor, Uingereza.

Je, badala ya skeli, kiambishi cha udogo hakitoshi? Hakitoshi. Meza huwa kimeza bila taabu, lakini kiti kimeshabeba ki- yake; ukitia kiji- unapata kijiti, yaani kile kile ulichookota ufuoni. Isitoshe, kimeza hakisemi ni kidogo kiasi gani. Kuna vimeza ambavyo watoto hulia chakula.

Neno skeli libaki kwenye ramani na michoro ya wajenzi, huko linafaa. Kwa kazi ya mkono, pwani ina vipimo vyake: wanda, upana wa kidole, na shubiri, kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetanuliwa. Shubiri moja ni takriban nyanda 12. Basi 1:12 ni wanda kwa shubiri, na fundi hahitaji rula, mradi apime vyote kwa mkono mmoja.

Chukua kitanda cha kamba: matendegu manne, mifumbati miwili, vitakizo viwili. Urefu wa sentimita 190 unashuka hadi karibu 16. Mbao si tabu. Tabu ni mafundo ya kijiti, ambayo hayapungui pamoja na kitanda. Fundo dogo la kawaida kwenye tendegu la nyanda mbili huonekana kama goti lililovimba. Halafu kuwamba. Kamba ya usumba yenye unene wa milimita 6 inatakiwa iwe nusu milimita, na kamba ya namna hiyo haiuzwi popote. Fundi huchambua kumbi, akatoa unyuzi mmoja mmoja, akauloweka na kuuwamba ungali na maji, maana ukikauka hukatika kwenye kona.

Atakayejaribu na aokote kilichokwisha kufa. Mkoko uliosimama ni wa msitu wa serikali, na nchini Kenya kuukata bila kibali ni kosa kisheria.